Ghala Lililo Chini ya Ardhi: Habari za Ukame na Maji katika Ugogo

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo lijulikanalo na kila mtu, walakini halifikiriwi sana mpaka limekwisha kutufikia, nalo ni ukame, na jinsi uyapunguzavyo maji ya watu na wanyama. Hatutanena habari za dunia nzima. Tutaichukua nchi moja tu, Ugogo, iliyo katikati ya Tanzania, tuitazame historia yake tangu siku za misafara hata siku hizi zetu. Tumeichagua kwa sababu ukame si mgeni huko. Watu wake wameuzoea kama mvuvi alivyoizoea dhoruba, na kwa hiyo wanayo mengi ya kutufundisha.

Sisi tufundishao walimu huwauliza wanafunzi wetu mara kwa mara, "Ukame huua kwa njia gani?" Wengi hujibu upesi, "Mvua haikunyesha, mtama ukanyauka, kisima kikakauka, watu wakafa." Jibu hilo si la uwongo, ila limepungua. Katika Ugogo mvua imekosekana mara nyingi, wala watu hawakufa sawasawa kila mara. Miaka mingine walipita katika taabu, wakakonda, wakatoka wakiwa hai pamoja na sehemu ya mifugo yao. Mwaka mwingine wakaangamia kwa maelfu. Basi hapana budi liko jambo la pili, lisilotoka mbinguni. Jambo hilo ndilo tutakalolitafuta katika mazungumzo haya.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Ugogo ni uwanda mpana ulioinuka. Mji wa Dodoma uko juu ya bahari kwa kadiri ya futi 3,600. Upande wa mashariki imesimama milima ya Usagara, na pepo zitokazo baharini huacha maji mengi juu ya milima hiyo kabla hazijafika bara. Kwa hiyo mvua ya Ugogo ni haba, kadiri ya inchi 22 kwa mwaka, yaani milimita 570 hivi. Tena yote huja katika msimu mmoja, tangu Desemba hata Aprili. Toka Mei hata Novemba anga huwa kavu, na upepo huvuma juu ya nchi nyekundu na mibuyu isiyo na majani.

Lakini uhaba wa mvua si shida yote. Jua la huko ni kali na upepo hauna mwisho, hata maji yaliyo wazi hupaa hewani kwa wingi. Wenye kupima wameona ya kuwa jua la mwaka mmoja laweza kunyonya kutoka katika bwawa zaidi ya mara tatu ya maji yaletwayo na mvua ya mwaka ule. Ndiyo sababu lambo lililojaa mwezi wa Aprili, watoto wakaliogelea, mwezi wa Septemba huwa tope, na mwezi wa Oktoba huwa udongo uliopasuka.

Mito nayo ni ya mchanga. Mvua inyeshapo hufurika kwa saa chache, ikachukua miti na mawe. Kisha maji hupita, ukabaki mchanga mkavu. Mgeni apitaye hapo husema, "Mto huu umekufa." Mwenyeji hasemi hivyo. Huchimba katika mchanga, na maji hujikusanya polepole shimoni, naye huyateka kwa kibuyu. Maji yale hayakupotea. Mchanga uliyafunika jua lisiyapate. Tafadhali lishikeni neno hili la maji yaliyofichwa, maana tutalirudia.

Hata jina la mji mkuu wa leo husimuliwa kwa habari ya maji. Wazee husema ya kuwa tembo alikwenda kunywa maji penye kijito, akadidimia katika matope asiweze kutoka, na watu walipomwona wakasema kwa Kigogo, "Idodomya," yaani amezama. Kutokana na neno hilo likapatikana jina la Dodoma. Basi mji ambao watu huusifu kwa ukavu wake uliitwa kwa tope la mnyama mwenye kiu.

Sasa twende kwenye siku za misafara. Njia kuu ya biashara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita katika Ugogo. Burton na Speke waliipita mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871, akienda kumtafuta Livingstone. Msafara ulipotoka Mpwapwa ulikabiliwa na pori lisilo na maji lililoitwa Marenga Mkali, yaani maji makali. Wapagazi waliogopa pori hilo kuliko vita. Walijaza vibuyu vyao, wakaenda mchana na usiku, wakatazamia kufika kwenye visima vya Wagogo kabla miguu haijakataa. Na walipokwisha kuivuka Ugogo, upande wa magharibi walingojewa na pori jingine, Mgunda Mkali. Kwa hiyo Ugogo ilikuwa kama kisiwa cha visima kati ya nyika mbili.

Wasafiri wale waliandika vitabu, na ndani yake waliwalaumu sana watemi wa Ugogo kwa sababu ya hongo. Walisema kila mtemi alidai nguo, shanga na waya wa shaba kabla hajawaruhusu kupita. Twawaomba wasikilizaji wetu walitazame jambo hili kwa macho ya mwenye kisima. Msafara mmoja uliweza kuwa na watu mamia, pamoja na punda na mbuzi. Watu hao walifika wakati wa kiangazi, wakati ule kila kibuyu cha maji kilikuwa kimetekwa kwa jasho, wakanywa, wakapika, wakanunua mtama, wakaenda zao. Siku ya pili ukaja msafara mwingine. Kisima hakijui tofauti ya mgeni na mwenyeji. Basi, ijapokuwa wako watemi waliozidisha, hongo ilikuwa pia bei ya maji na chakula vilivyotoka katika akiba ya nchi. Mzee aliyelinda kisima aliwalinda wajukuu wake.

Kwa maana wenyeji walijua ya kuwa ukame utakuja; hawakujua tu mwaka gani. Maisha yao yote waliyapanga kwa ajili ya mwaka huo. Walipanda mtama na uwele, nafaka zivumiliazo jua. Mavuno yalipokuwa mema hawakuyala yote, bali waliyatia katika vilindo ndani ya tembe zao, yakae mpaka mavuno mengine na zaidi. Ng'ombe walikuwa akiba ya pili. Mwaka mtama ulipokosekana, mtu aliswaga ng'ombe wake mpaka nchi ya majirani waliopata mvua, akarudi na nafaka. Tena mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika zizi moja. Aliwagawa kwa marafiki na jamaa waliokaa mbali, ili ukame au ugonjwa ukipiga huku, kule wabaki wachache wa kuanzia. Akiba ya tatu ilikuwa pori: ubuyu, mizizi, na majani ya mlenda yaliyokaushwa. Ya nne ilikuwa ujamaa, maana mtu aliyehama kwa njaa alimwendea ndugu au rafiki aliyemsaidia zamani. Na ya tano ilikuwa mikono ya vijana, wenye nguvu za kuchimba visima zaidi kila maji yaliposhuka.

Twahesabu basi akiba tano: nafaka, ng'ombe, pori, ujamaa na mikono. Mvua ilipokosekana mwaka mmoja, akiba hizi zilipungua. Mvua iliporudi, zikajazwa tena. Namna hii watu wa Ugogo waliishi na ukame miaka mingi. Hatusemi maisha yao yalikuwa mepesi. Njaa zilikuwapo, na majina yake yalikumbukwa. Na katika miaka ya 1890 sotoka iliyopita Afrika ya Mashariki iliua ng'ombe wengi mno, ikabomoa ile akiba ya pili karibu yote. Hata hivyo watu waliinuka tena, wakaanza kukusanya mifugo.

Ndipo ikaja vita kuu ya mwaka 1914. Wakati huo nchi ilitawaliwa na Wadachi, na gari la moshi lilikuwa limekwisha kufika Dodoma tangu mwaka 1910. Reli iliyoleta biashara sasa ikaleta majeshi. Wadachi walihitaji nyama na nafaka kwa askari wao, wakazichukua katika Ugogo. Walihitaji wapagazi, wakawachukua vijana. Mwishoni mwa Julai 1916 majeshi ya upande wa Waingereza, chini ya Jemadari Van Deventer, yaliingia Dodoma yakitoka Kondoa. Wenye nchi walidhani labda mzigo utapungua. Haukupungua. Jeshi jipya nalo lilihitaji ng'ombe, nafaka na wapagazi, maana vita viliendelea kusini, na pasipo barabara njema mizigo yote ilikwenda juu ya vichwa vya watu. Jina la Kariakoo, mahali palipo katika Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya jeshi lile la wapagazi. Wengi wao waliokwenda hawakurudi.

Sasa hesabuni tena zile akiba tano. Nafaka ilikuwa imetolewa kwenye vilindo. Ng'ombe walikuwa wameswagwa kwenda kulisha majeshi. Mikono ya vijana ilikuwa mbali, ikibeba masanduku ya risasi katika nchi za watu wengine. Hata ujamaa ulipungukiwa na nguvu, kwa sababu jirani naye alikuwa amenyang'anywa vilevile, na mtu asiye na kitu hana la kumpa mgeni. Lilibaki pori peke yake. Ndipo mvua ikakosekana.

Njaa iliyofuata, kati ya mwaka 1917 na 1920, Wagogo waliiita Mtunya. Jina hilo laelezwa kuwa maana yake ni kugombania, na jina lenyewe latosha kutuonyesha hali ilivyokuwa. Watu walihama wakitafuta chakula na maji, wengine kwa majirani, wengine kandokando ya reli. Wako wazazi waliowatia watoto wao mikononi mwa watu wenye chakula ili wapate kuishi, bila kujua kama watawaona tena. Tena mwishoni mwa mwaka 1918 homa ya mafua iliyoua watu katika dunia nzima ilifika huku nayo, ikaikuta miili isiyo na nguvu. Makadirio yatajwayo katika vitabu vya historia yasema ya kuwa watu kama 30,000 walikufa, katika watu kama 150,000. Maana yake katika kila nyumba ya watu watano, alikufa mmoja.

Hapa twapata jibu tulilolitafuta. Mvua ilikosekana, hapana shaka. Lakini ukame wa Mtunya uliikuta nchi ambayo ghala zake zilikuwa zimekwisha kufunguliwa na kumwagwa. Ukame ni kama mwenye kudai deni. Aliye na akiba hulipa akaumia, asiye na akiba huchukuliwa yeye mwenyewe. Wahenga walisema, "Akiba haiozi." Twaongeza sisi ya kuwa aichukuaye akiba ya watu huwaua mwaka ujao, ijapokuwa leo hajamwaga damu.

Mambo haya yangefaa kukumbukwa, lakini haikupita miaka thelathini likatokea jambo lililoonyesha jinsi watu wenye elimu na fedha wawezavyo kusahau maji. Baada ya vita vya pili serikali ya Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kupikia, ikaazimia kulima karanga katika Afrika ya Mashariki na ya Kati. Mwaka 1946 wachunguzi walitumwa, wakamaliza kazi yao kwa majuma tisa, sehemu kubwa wakitazama nchi kutoka katika ndege. Shauri likawa kulima eka zaidi ya milioni tatu kwa gharama ya pauni milioni 25. Mahali pa kuanzia, mwaka 1947, palikuwa Kongwa, katika Ugogo.

Sehemu iliyochaguliwa ilionekana kuwa njema kwa sababu ilikuwa wazi, haina watu wengi wa kuhamishwa. Laiti wangaliuliza kwa nini haina watu! Mwenyeji yeyote angaliwajibu: hapana maji. Matrekta yaliletwa, mibuyu na vichaka vikang'olewa, na maji ya maelfu ya watu na mashine yakawa taabu tangu siku za kwanza. Udongo wa Kongwa ulikuwa na mchanga ulao chuma pamoja na mfinyanzi, na kiangazi kilipofika ulikauka ukawa mgumu kama matofali, karanga zisiweze kuchimbuliwa. Kisha ukame ukaharibu mazao. Mwezi wa Januari 1951 kazi ile iliachwa, na hasara ikahesabiwa kuwa pauni milioni 36 hivi. Baadaye sehemu ya nchi ile iligeuzwa kuwa malisho ya ng'ombe, kazi iliyojulikana na Wagogo kabla hawajaja wachunguzi. Ukame haukuweza kuwaua wale wakubwa wa karanga, maana chakula chao kilitoka mbali, lakini uliwafundisha somo lilelile: nchi kavu haitumiki kwa kukadiri mvua ya mwaka mwema, hutumika kwa kukumbuka mwaka mbaya.

Sasa tuje kwenye siku zetu. Mwaka 1973 iliamriwa ya kuwa makao makuu ya serikali ya Tanzania yahamie Dodoma. Shughuli hiyo ilikwenda polepole miaka mingi, ikapata mwendo mkubwa tangu mwaka 2016. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2012 mji wa Dodoma ulikuwa na watu kama 410,000. Katika hesabu ya mwaka 2022 walizidi 760,000. Watu hao wote hunywa, hufua, hujenga. Je, maji yao hutoka wapi, katika nchi ambayo wapagazi waliivuka kwa hofu?

Sehemu kubwa imetoka mahali paitwapo Makutupora, bonde lililo kaskazini ya mji. Chini ya bonde hilo, katika mchanga na miamba iliyopasukapasuka, yamo maji yaliyokusanyika muda mrefu. Tangu miaka ya 1950 yamekuwa yakivutwa kwa mashine kutoka katika visima virefu na kupelekwa mjini. Ni jambo lilelile la mto wa mchanga tulilowaomba mlishike, ila hapa ghala ni kubwa zaidi na liko chini zaidi. Ardhi imeyafunika maji, jua lisiyafikie.

Jambo jema ni kwamba watunzaji wa visima hivyo walipima kimo cha maji na kuandika, mwaka baada ya mwaka, kwa muda wa miaka 55. Daftari za namna hiyo ni chache sana katika nchi zetu za joto. Wataalamu walizichunguza, na mwaka 2013 wakatangaza waliyoyaona. Mtu angalidhani ya kuwa kila masika huongeza maji kidogo katika ghala. Sivyo ilivyo. Katika miaka mingi, mvua ya kadiri hunyesha, udongo wa juu huinywa, mizizi huivuta, jua huchukua iliyobaki, na chini kabisa hakifiki kitu. Kimo cha maji hushuka kidogo kidogo, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha huja msimu mmoja wa mvua kubwa isiyo ya desturi, kama ule wa mwaka 1997 na 1998 ambao watu wote waukumbuka kwa jina la El Niño. Madaraja huvunjika, mashamba hufunikwa, watu hulalamika. Na wakati uleule, pasipo mtu kuona, maji hupenya mpaka chini na ghala hujaa.

Wasikilizaji, lifikirini jambo hili vema. Maji tunayoyateka leo huenda yaliingia ardhini katika mwaka wa gharika uliopita zamani, na hatujui gharika nyingine itakuja lini. Ghala hili halijazwi kila mwaka kama kilindo cha mtama. Hujazwa na miaka michache, likaliwa na miaka mingi. Tena lina hatari moja ambayo kilindo hakina. Mama afunguaye kilindo huona kwa macho yake mtama umefika wapi, akapunguza kipimo cha chakula cha jioni. Lakini afunguaye bomba la maji haoni kitu. Maji hutoka kwa nguvu ileile siku ya ghala kujaa na siku ya ghala kukaribia kwisha. Bandu bandu huisha gogo, na mkataji asiyetazama gogo hushangaa shoka likipiga chini.

Twaweza kuona faida ya ghala la chini katika habari za mji mwingine pia, ulio mbali na Ugogo, lakini wenye watu wa kabila zote. Mwezi wa Oktoba 2022, baada ya mvua kupungua, Mto Ruvu ulishuka sana, na wakaaji wa Dar es Salaam wakapewa maji kwa zamu. Mji ule mkubwa ulikuwa umeutegemea mto ulio wazi juu ya nchi. Mwezi uliofuata maji ya visima virefu vya Kigamboni yakaanza kuingizwa katika mabomba, yakasaidia. Mto ni kama mshahara wa mwezi. Maji ya chini ni kama fedha iliyowekwa. Mshahara ukikosekana, fedha iliyowekwa huokoa nyumba. Lakini nyumba ilayo fedha iliyowekwa kila siku, hata mwezi ambao mshahara umepatikana, siku ya shida itafungua sanduku tupu.

Tena lazima tuseme neno juu ya mlango wa ghala. Maji hayaingii chini mahali ambapo mvua hukimbia. Katika nchi ya Kondoa, kaskazini ya Ugogo, miti ilikatwa na mifugo ikazidi miaka mingi, hata udongo ukachukuliwa na maji, ikabaki makorongo mekundu. Mvua ikinyesha juu ya nchi iliyo uchi hukimbia yote kama maji juu ya bati. Mwaka 1973 ilianzishwa kazi ya Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika sehemu za Kondoa zilizoharibika zaidi. Lilikuwa jambo gumu kwa wafugaji, maana ng'ombe ndio akiba yao, na hatupendi kulisema kana kwamba halikuwaumiza. Lakini majani na miti ilirudi katika vilima vile. Siku hizi katika vijiji vya Dodoma wako wakulima washikao njia iitwayo kisiki hai: hawang'oi visiki vilivyomo mashambani, bali huchagua machipukizi machache yenye nguvu, hukata mengine, na baada ya miaka michache huwa na miti pasipo kupanda hata mche mmoja. Wengine huchimba makinga maji yenye umbo la nusu mwezi, mvua isimame na kupenya. Na katika Ukambani, nchi ya Kenya yenye mito ya mchanga kama ya Ugogo, watu wa Machakos, Kitui na Makueni hujenga ukuta mfupi katika mto mkavu, mchanga ukajaa nyuma yake na maji yakakaa ndani ya mchanga. Wamejifunza kwa mto wenyewe: maji yaliyofunikwa hudumu.

Basi tumefika mwisho wa safari yetu, na twapenda kuyakusanya maneno machache ya kwenda nayo nyumbani.

Neno la kwanza: ukame hauna jipya. Ulikuwapo kabla ya misafara, utakuwapo tena. Wataalamu wasema ya kuwa joto la dunia limeongezeka, nalo lazidi kuivuruga desturi ya mvua. Kwa hiyo asiyeweka akiba kwa sababu mwaka jana ulikuwa mwema, hujidanganya mwenyewe.

Neno la pili: hatutaji tena akiba tano, bali sita, maana maji yaliyo chini ya ardhi ni akiba kama nafaka na ng'ombe. Hayo nayo yaweza kumwagwa. Katika siku za Mtunya yalikuwa majeshi yaliyoimwaga akiba ya nchi. Leo huenda tukawa sisi wenyewe, kwa bomba linalovuja lisitengenezwe, kwa kisima kichimbwacho pasipo shauri karibu na kisima cha jirani, na kwa miti iliyokatwa katika vyanzo vya maji.

Neno la tatu ni lenu ninyi wanafunzi. Wale waliopima visima vya Makutupora kwa miaka 55 hawakuwa wakifanya jambo la ajabu. Walishusha kipimo, wakasoma, wakaandika. Kijiji chenu chaweza kufanya vivyo hivyo. Chukueni kamba safi, ifungeni jiwe safi mwishoni, tieni fundo kwa kila futi. Mkiwa pamoja na mwalimu au mzee mwenye kukitunza kisima, ishusheni mara moja kila mwezi, mhesabu mafundo mpaka maji, mkaandike tarehe na hesabu katika daftari la shule. Daftari lisitupwe mwalimu akihamishwa, wala wanafunzi wakimaliza masomo. Baada ya miaka kumi kijiji chenu kitakuwa na kitu ambacho watemi wa zamani hawakuwa nacho: kitaweza kuliona ghala lililo gizani. Na mwaka kimo kitakaposhuka kuliko desturi, wazee watajua mapema, watapunguza matumizi, watauza ng'ombe wachache wakati bado wana bei, wala hawatangoja mpaka ndoo ipande ikiwa na tope.

Tembo wa Dodoma alizama kwa sababu alikwenda majini akiwa na kiu, asitazame pa kukanyaga. Sisi tumepewa macho, kalamu na kumbukumbu za wazee wetu. Tukitazame kisima kabla ya kiu.